KIGARI CHANGU NA PAMPU YA MJOMBA

Bwana Mhariri aliponitaka niandike habari za mashindano yangu ya magari, niliona haya kidogo. Wenzangu wengi hapa shuleni wamesikia kwamba mimi huendesha vigari vya mashindano, na wengine huniuliza vikombe vyangu nimeviweka wapi. Wasomaji wapenzi, sina kikombe hata kimoja. Tangu nianze nimeingia mashindano matatu tu. Katika ya kwanza nalikuwa wa mwisho. Katika ya pili sikufika mwisho kabisa, na juu ya hayo nikamtia mjomba wangu hasara kubwa. Katika ya tatu nalipata nafasi ya sita. Nikamwambia Mhariri kwamba habari za namna hiyo hazifai kuchapwa. Akanijibu kwamba washindi wamekwisha kupewa kurasa za kutosha, na kwamba safari hii angependa kusoma habari za mtu aliyeshindwa. Basi haya ndiyo yaliyonipata.

Kwanza nieleze kigari chenyewe ni kitu gani, maana wako wasiopata kukiona. Kigari hiki, ambacho wengi hukiita gokati, ni gari dogo kuliko yote yanayoshindana. Hakina bodi, hakina paa, hakina mlango wala springi. Ni fremu ya mabomba ya chuma, magurudumu manne madogo, kiti kimoja, usukani, breki, na injini ndogo iliyofungwa kando ya dereva. Dereva hukaa chini sana, karibu aguse ardhi, na kwa sababu hiyo mwendo wa kilometa 60 kwa saa humwonekea kama 120. Kigari cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1956 huko Glendale, California, katika nchi ya Marekani, na fundi wa magari ya mashindano aliyeitwa Art Ingels, akisaidiwa na rafiki yake Lou Borelli. Injini waliyoitumia ilikuwa ya mashine ya kukata majani. Tangu hapo mchezo huu ukaenea duniani, na madereva wengi mashuhuri walianzia humo. Ayrton Senna wa Brazili alitengenezewa na baba yake kigari chenye injini ya kukata majani alipokuwa na umri wa miaka 4. Lewis Hamilton wa Uingereza alianza kushindana mwaka 1993, naye alikuwa na umri wa miaka 8.

Mimi nilianza nikiwa na miaka 16, na injini yangu haikuwa ya kukata majani bali ya kuvuta maji.

Nyumbani kwetu ni Kampala, karibu na Katwe. Asiyepajua Katwe na ajue ya kwamba hapo chuma hakitupwi. Mlango wa lori lililokufa hugeuzwa majiko, ngoma ya mafuta hugeuzwa masufuria, na kutoka asubuhi mpaka jioni husikii ila nyundo na mashine za kuchomelea. Yuko fundi mmoja mkongwe hapo ambaye watu wote humwita Mzee, na mimi pia nitamwita hivyo. Alipokuwa kijana alifanya kazi Nairobi, na huko aliona vigari vya mashindano. Siku moja nikamwonyesha picha ya kigari niliyoikata gazetini, nikamwuliza kama kitu hicho kinaweza kutengenezwa Katwe. Akaitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kinaweza. Mimi nitakuonyesha njia, lakini spana utashika mwenyewe."

Likizo nzima ya mwezi wa Septemba nikashika spana. Fremu tuliitengeneza kwa mabomba ya maji. Mnyororo na breki tulivipata katika pikipiki iliyopata ajali, magurudumu yalitoka katika skuta mbili za zamani, na usukani ulikuwa wa gari dogo ambalo hakuna aliyejua mwenyewe ni nani. Kila kitu kilipatikana isipokuwa injini, maana injini haiokotwi.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, ana bustani ya nyanya na kabeji kando ya kinamasi, upande wa Mukono. Wakati wa kiangazi huvuta maji ya kinamasi kwa pampu yenye injini ya petroli ya nguvu ya farasi sita na nusu. Injini za namna hiyo ndizo zinazotumiwa katika vigari vingi vya kujifunzia duniani, kwa kuwa ni nyepesi, hazina mambo mengi, na zinavumilia. Nikaenda kwa Mjomba Jumapili moja baada ya chakula, nikamsalimu, nikakaa chini, nikamweleza haja yangu.

Mjomba hakukasirika. Aliniuliza swali moja tu. "Unajua injini ile inalisha watu wangapi?"

Nikahesabu watu wa nyumba yake. "Saba, Mjomba."

"Wanane," akasema. "Umejisahau mwenyewe. Ada yako ya shule inatoka katika pampu ile." Na kweli, tangu baba yangu alipofariki, Mjomba ndiye anayenisomesha.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Utaichukua Jumamosi jioni. Jumatatu alfajiri niikute hapa, na iwe kama ulivyoichukua." Nikaapa kwamba itakuwa hivyo. Ndugu msomaji, kiapo ni kitu chepesi sana wakati unapokitoa.

Mashindano ya kwanza yalikuwa mwezi wa Desemba, katika uwanja wa udongo nje ya mji. Vilikuja vigari tisa, vyote vya kutengenezwa na mafundi wa mitaani, na watu wengi walikuja kutazama na kucheka. Usiku wa kuamkia siku ile sikulala. Niliwaza juu ya fremu yangu, nikaiona nyembamba, nikaogopa isije ikavunjika njiani. Basi alfajiri, kabla Mzee hajafika, nikachomelea mabomba mawili zaidi ya kukingama, moja mbele na moja nyuma. Nilipomaliza nikakitikisa kigari, nikakiona kimekuwa imara kama kitanda cha hospitali. Nikafurahi.

Bendera ikashuka, tukaondoka. Nikafika kona ya kwanza, nikakata usukani kushoto. Magurudumu ya mbele yakatii, lakini kigari hakikutii. Kikaenda moja kwa moja mpaka katika majani marefu, na hapo injini ikazima. Nikashuka, nikakisukuma, nikaiwasha tena, nikaingia barabarani. Kona ya tatu ikawa vivyo hivyo. Katika mizunguko kumi niliingia katika majani mara nne, na aliyekuwa wa kwanza akanipita mara mbili. Watoto waliokuwa wamepanda juu ya miti wakanipa jina palepale. Wakaniita Mkata Majani, na mpaka leo katika mtaa wetu jina hilo halijafutika.

Nilirudi Katwe nikasema kwamba usukani ni mbovu. Mzee hakuutazama usukani. Aliyatazama mabomba mawili niliyoongeza, akaniuliza ni nani aliyeyaweka. Nikamwambia ni mimi. Akamwita kijana wake mmoja wa kazi, akatuamuru tushikane mikono kwa nguvu, tutembee bega kwa bega, kisha tupige kona kali kwa hatua zilizo sawasawa. Tulijaribu tukashindwa. Aliyekuwa upande wa nje alitaka kupiga hatua ndefu, na mimi niliyekuwa upande wa ndani nikawa namzuia. Karibu tuanguke.

"Umeona?" Mzee akasema. "Gari la kawaida lina kifaa nyuma kinachoyaruhusu magurudumu mawili yazunguke kila moja kwa mwendo wake. Kigari chako hakina. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, na magurudumu yote mawili yamefungwa humo kama ninyi mlivyoshikana. Sasa ili kipinde kona, gurudumu la ndani lazima liinuke kidogo, liache ardhi. Linainuliwa na nini? Linainuliwa na fremu inapojikunja. Nawe umeifunga fremu isiweze kujikunja."

Tukachukua msumeno, tukayakata mabomba yale mawili. Nilihuzunika kuyakata kwa sababu nilikuwa nimeyachomelea vizuri. Lakini Jumapili iliyofuata nilikijaribu kigari katika uwanja mtupu, kikageuka kama mbuzi.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kupita upesi, lakini Mhariri hatanisamehe.

Mashindano ya pili yalikuwa mwezi wa Januari, katikati ya kiangazi. Wakati huo jua lilikuwa kali, na Mjomba alikuwa akivuta maji kila siku asubuhi na jioni. Nyanya zake zilikuwa zimeanza kuzaa. Hata hivyo hakulivunja neno lake. Aliniazima injini Jumamosi jioni kama tulivyopatana.

Kigari changu kilikuwa kikipinda vema, lakini katika njia iliyonyooka wengine waliniacha. Kijana mmoja wa Katwe akaninong'oneza siri. Injini za pampu zina kidhibiti mwendo ndani yake, ambacho mafundi hukiita gavana. Kazi ya gavana ni kuzuia injini isizunguke zaidi ya mara 3,600 au zaidi kidogo kwa dakika moja. Ukimwondoa, injini huzunguka mara 5,000 na zaidi, na kigari huruka. Mimi nikamwendea Mzee, nikamwuliza kwa mzunguko, kana kwamba naulizia jambo la mtu mwingine. Mzee akanijibu, "Mkono unaoshika pistoni ndani ya injini ile haukutengenezwa kwa mwendo huo. Gavana yule si adui yako. Amewekwa pale kwa sababu waliotengeneza injini wanajua nguvu ya chuma chao."

Nilimsikia vizuri. Siwezi kusema kwamba sikuelewa. Lakini usiku ule wa Jumamosi, wenzangu walipokwisha lala, nikawasha kurunzi, nikauondoa mkono wa gavana na springi yake, nikavitia katika mfuko wa suruali. Nalijiambia kwamba ni kwa siku moja tu, na kwamba Jumatatu alfajiri nitavirudisha, wala hakuna atakayejua.

Wasomaji wapenzi, nawaambia kweli, yale yalikuwa mashindano mazuri kuliko yote niliyoyaona. Nilianza wa nne. Katika mzunguko wa pili nilikuwa wa pili, na katika mzunguko wa tatu hapakuwa na mtu mbele yangu. Hapakuwa na vumbi la mwenzangu, hapakuwa na mgongo wa mtu. Palikuwa na njia tu. Injini ililia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia. Watoto juu ya miti wakapiga kelele, "Mkata Majani! Mkata Majani!" na safari hii hawakuwa wakinicheka. Nikazunguka hivyo mara ya nne, ya tano, ya sita, ya saba. Nilianza kufikiri ni maneno gani nitakayosema nitakapopewa kikombe.

Mzunguko wa nane, mahali paliponyooka, nikasikia mlio kama wa jiwe linalopiga bati. Kisha magurudumu ya nyuma yakakwama, kigari kikajizungusha mara mbili, kikasimama. Mafuta ya injini yakamwagika njiani. Mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu akateleza katika mafuta yale, akaenda kujigonga kwenye matairi ya pembeni. Kwa bahati njema hakuumia, lakini mashindano yake nayo yalikwisha. Nikashuka, nikaitazama injini. Mkono wa pistoni ulikuwa umevunjika, na kipande chake kimetoboa ubavu wa injini kutoka ndani. Tundu lilikuwa kubwa; ningeweza kupitisha vidole viwili.

Jumatatu alfajiri nikaifikisha injini kwa Mjomba kama tulivyopatana. Nikamwambia, "Mjomba, injini imekufa. Ilikufa yenyewe." Mjomba akainama, akaitazama pande zote, akalifunika tundu lile kwa kiganja cha mkono wake. Kisha akasema, "Haya," akaenda kutafuta madumu.

Siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa, watu wote wa nyumba ile walibeba maji. Mke wa mjomba alibeba, na watoto wake walibeba, hata yule mdogo wa miaka 6 aliyekuwa na kidumu cha lita tatu. Mimi pia nilibeba. Kutoka kinamasini mpaka mwisho wa bustani ni mbali, na jua lilikuwa likichoma, na kila tulipofika mistari ya mwisho, mistari ya kwanza ilikuwa imekauka. Majani ya nyanya yakaanza kujikunja. Hakuna aliyenilaumu. Mke wa mjomba alikuwa akinipa chakula kingi kuliko wanawe, akisema kwamba mimi ni mgeni na kazi ile sijaizoea. Chakula kile kilinikaa kooni.

Jioni ya siku ya tatu sikuweza tena. Nikamfuata Mjomba alipokuwa akinawa miguu, nikatia mkono mfukoni, nikautoa ule mkono wa gavana na springi yake, nikaviweka mbele yake juu ya jiwe. Nikamweleza yote, tangu kurunzi mpaka tundu.

Mjomba akaiokota springi, akaitazama, akairudisha juu ya jiwe. "Nalijua tangu Jumatatu," akasema. "Injini ile nimeifungua mara ngapi mimi? Niliona mahali pake ni patupu. Nilikuwa nahesabu siku tu." Akajikausha mguu mmoja, kisha wa pili. "Tatu. Nilidhani zitakuwa nyingi zaidi."

Hakuniambia neno jingine usiku ule. Nimepigwa mara nyingi katika maisha yangu, nyumbani na kwingineko, lakini sikumbuki fimbo iliyoniuma kuliko hesabu ile.

Basi hasara ikagawanywa. Nusu ya nyanya zilikufa. Mzee wa Katwe akatafuta injini nyingine iliyotumika, akaifufua, akampa Mjomba kwa mkopo wa shilingi 400,000, na deni hilo likawa langu. Muhula ulipofunguliwa mwezi wa Februari ada haikuwa tayari, nami nikafika shuleni nimechelewa wiki mbili. Wenzangu wa darasa watakumbuka. Waliniuliza nilikuwa wapi, nikawaambia nilikuwa na homa. Leo nawaomba radhi. Sikuwa na homa. Nilikuwa Katwe nikisafisha vyuma kwa petroli, nikilipa deni.

Kila likizo iliyofuata nalifanya kazi kwa Mzee. Niliosha kabureta, nilipima plagi, nilishika taa, nilifagia. Kwa kazi ile nikafahamu mambo ambayo nilipokuwa na haraka sikuyaona. Nilifahamu kwamba plagi nyeusi yenye masizi hukwambia petroli imezidi, na plagi nyeupe hukwambia injini inaungua. Nilifahamu kwamba tairi laini mno hutambaa na tairi gumu mno huteleza. Nilifahamu pia kwamba Mzee, ambaye nilimdhania mwoga, alikuwa amevunja injini nyingi kuliko mimi. Ila yeye alizivunja zamani.

Kufika mwezi wa Agosti deni lilikuwa limekwisha. Wakati huo vijana wenye vigari walikuwa wakijiandaa kwenda Kenya, upande wa Athi River, ambako kuna uwanja wa lami na vigari vya kukodi. Huko kila mtu hupewa kigari cha uwanja, na vyote ni vya namna moja. Mzee akanilipia nauli iwe bakshishi ya kazi yangu. Nilikwenda kumwomba Mjomba ruhusa nikiwa na wasiwasi mwingi. Akaniuliza, "Huko mtatumia injini ya nani?" Nikamwambia ni za uwanja. "Basi nenda," akasema.

Tukapanda basi Kampala jioni, tukavuka mpaka Busia usiku, tukaingia Nairobi asubuhi miguu imevimba. Ndugu wanafunzi, hapo ndipo nilipomshukuru mwalimu wetu wa Kiswahili. Wako miongoni mwetu wanaosema kwamba somo hili halina faida kwa mtu wa Uganda. Wale na wajaribu kuuliza njia ya kwenda Athi River kwa Kiingereza cha vitabuni, kisha waulize kwa Kiswahili, waone wapi watajibiwa kwa tabasamu.

Uwanjani walitupima uzito. Mimi ni mwembamba, na nalikuwa nikifikiri kwamba wembamba wangu utanifaa. Wakachukua vipande vizito vya chuma wakavifunga katika kiti changu mpaka nikalingana na wengine. Hapo nikaona kwamba visingizio vyangu vyote vimekwisha. Injini ni sawa, tairi ni sawa, uzito ni sawa. Nikishindwa, nimeshindwa mimi.

Na nikashindwa. Katika mzunguko wa majaribio tulikuwa madereva 12, nami nikawa wa 10. Niliendesha kwa nguvu zangu zote. Nilipiga breki dakika ya mwisho, nikaingia kona kwa kasi, kigari kikateleza nyuma huku tairi zikilia, nami nikadhani kwamba hivyo ndivyo wanavyoendesha mashujaa. Nilipotoka, mama mmoja aliyekuwa akisimamia bendera penye kona ile akaniita.

"Kijana, unatoka wapi?"

"Uganda, mama."

"Karibu. Sasa sikiza. Unaingia kwenye kona kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Kigari kikiteleza hivyo, mwendo wote unaishia kwenye tairi. Breki piga ukiwa bado umenyooka. Kisha ngoja. Ukiona njia ya kutokea, ndipo ukanyage mafuta."

"Ningoje, mama? Wenzangu si wataniacha?"

Akacheka. "Wamekuacha tayari."

Fainali ilikuwa ya mizunguko 15. Nilianza nikiwa wa 10. Kona ya kwanza nikafanya kama alivyosema yule mama. Nikapiga breki mapema, nikangoja, na kungoja kule, ingawa kulikuwa kwa kitambo kidogo sana, kulikuwa kugumu kuliko kubeba madumu. Kisha nikaona njia, nikakanyaga. Kigari hakikulia. Kilitoka katika kona kimya kimya, na kabla ya kona ya pili nilikuwa nimempita mtu mmoja. Katika mzunguko wa tano nikampita mwingine aliyeteleza. Wa nane, nikampita wa tatu. Wa kumi na moja, wa nne. Nikawa wa sita.

Mzunguko wa mwisho nalikuwa nyuma kabisa ya mtu wa tano. Kona moja kabla ya mwisho aliacha nafasi upande wa ndani, nafasi ndogo, labda ya kutosha, labda isitoshe. Kama ningejitupa, ningeweza kumpita, au tungegongana tukatoka sote wawili. Mguu wangu ulitaka. Nikakumbuka mlio wa jiwe linalopiga bati, nikakumbuka yule aliyeteleza katika mafuta yangu. Nikangoja. Tukaifika bendera yenye miraba myeusi na myeupe yeye akiwa mbele yangu kwa urefu wa gurudumu. Mpaka leo sijui kama nilifanya busara au niliogopa. Nimejiuliza mara nyingi usiku, na majibu hubadilika.

Tulipomaliza, kila dereva alipewa karatasi yenye saa za mizunguko yake. Mzunguko wangu bora wa fainali ulikuwa mfupi kwa sekunde mbili na nusu kuliko ule wa majaribio, katika kigari kilekile na lami ileile. Karatasi ile ndiyo kikombe changu. Nimeikunja katika kamusi yangu, na atakaye kuiona na aje bweni la pili.

Niliporudi nikampelekea Mjomba. Alivaa miwani akaisoma yote, tarakimu kwa tarakimu, ingawa sidhani kwamba zilikuwa na maana kwake.

"Wa sita," akasema. "Kati ya wangapi?"

"Kumi na wawili, Mjomba."

Akafikiri. "Basi watano walikuonyesha mgongo, na sita uliwaonyesha wewe. Si vibaya." Akanirudishia karatasi, kisha akaenda kuwasha pampu. Nikasimama nikiisikiliza. Gavana alikuwa mahali pake, na injini ilinguruma kwa sauti moja, wala haikupanda wala haikushuka, na maji yakawa yanakimbia katika mifereji mpaka mistari ya mwisho.

Sijamwomba tena injini ile, na sidhani kwamba nitamwomba. Kigari changu kinaning'inia darini kwa Mzee, hakina injini, na ninaweka akiba katika kopo ili nikinunulie yangu. Kopo bado ni jepesi. Wenzangu hunicheka, husema nitakuwa na mvi siku litakapojaa. Nami huwaambia habari ya Senna, ambaye alipata kuwa bingwa wa dunia wa magari makubwa mara tatu, mwaka 1988, 1990 na 1991. Ubingwa wa dunia wa vigari hakuupata kamwe. Mwaka 1979 alikuwa wa pili, na mwaka 1980 akawa wa pili tena.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Zamani nalidhani kwamba methali hii ni ya kuwafariji walioshindwa. Siku hizi naiona ni ya kuwaonya. Sikukubali kwamba fremu yangu ilikuwa na kosa, nikausingizia usukani. Sikukubali kwamba injini ina kipimo chake, nikaivunja. Sikukubali kwamba nimeivunja, na watoto wa watu wakabeba maji siku tatu kwa ajili ya uongo wangu. Kama ningekubali upesi, ningeshindwa mara moja tu. Basi, ndugu zangu, anayetaka kushindana na ashindane, na Mungu akipenda tutaonana uwanjani. Lakini springi ya mtu mwingine ikiwa mfukoni mwako, irudishe kwanza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano